Kuitambua Lugha ya Picha katika Riwaya: Somo kwa Wasomaji wa "Adili na Nduguze"



Somo letu la mwaka huu linahusu usomaji wa riwaya. Tumekichagua kitabu kidogo ambacho watoto wengi wa Afrika Mashariki wamekisoma mashuleni kwa miaka mingi, nacho ni "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na akafariki mwaka 1962. Lugha yake imejaa picha, na msomaji asiyejua kuzitambua picha hizo hufika ukurasa wa mwisho akiwa amekiona kisa, lakini maana yake imempita.

Swali la wazazi

Kabla hatujaingia katika somo lenyewe, tunapenda kulijibu swali ambalo baadhi ya wazazi hutuuliza. Wanasema: "Kwa nini mtoto apoteze wakati kwa hadithi za majini na watu waliogeuka manyani? Je, huo si uongo?"

Swali hili ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Sisi tunamfundisha mtoto kuwa mkweli, kisha tunampa kitabu kinachosimulia mambo yasiyotokea. Lazima tuweze kumweleza tofauti iliyopo.

Wataalamu wa balagha, yaani elimu ya ufasaha wa lugha ya Kiarabu, walilijadili jambo hili karne nyingi zilizopita. Walisema kwamba mtu anayesema kwa picha humwekea msikilizaji dalili ya kuonyesha kuwa hakukusudia maana ya juu juu. Dalili hiyo wanaiita karina. Ukisema, "Nimemwona simba akihutubia watu," neno "akihutubia" ndilo karina, kwa sababu simba wa mwituni hahutubii. Msikilizaji anajua mara moja kwamba umemkusudia mtu shujaa. Mwongo hafanyi hivyo. Yeye huificha dalili, kwani anataka aaminiwe kama alivyosema.

Hapa ndipo ulipo msingi wa somo letu zima. Kuitambua lugha ya picha ni kuitafuta karina. Mtoto aliyezoea kuitafuta hawi rahisi kudanganywa, kwa sababu amejifunza kuuliza kila mara: Je, maneno haya yamekusudiwa yalivyo, au yanaelekeza kwengine?

Nyuzi mbili

Mfano mashuhuri mnaujua kutokana na masomo ya funga. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 187, imetajwa kula na kunywa mpaka ubainike uzi mweupe na uzi mweusi. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Sahaba Adi bin Hatim (R.A.) alichukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake na kuzitazama usiku. Mtume (S.A.W.) akambainishia kwamba kilichokusudiwa ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Imepokewa pia kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba watu walikuwa wakijifunga nyuzi miguuni, mpaka yalipoteremka maneno yenye kutaja alfajiri, wakafahamu.

Tazameni basi jinsi neno moja, "alfajiri", lilivyokuwa karina iliyoondoa shaka. Tazameni pia kwamba kuikosa maana ya picha si jambo dogo. Linaweza kubadilisha hata wakati wa kuanza kufunga. Wala mtu haaibiki kwa kutofahamu mara ya kwanza, maadamu anauliza.

Aina za picha tunazokutana nazo

Sasa tuziangalie aina kuu za tamathali za semi. Sentensi za mifano tumezitunga wenyewe, ili mwanafunzi ajizoeze kabla ya kukifungua kitabu.

1. Tashbiha. Hapa kitu kinafananishwa na kingine kwa kutumia neno la kufananisha kama vile kama, mithili ya, mfano wa, kana kwamba au utadhani. Mfano: "Siri ilimtoka Juma kama maji yatokavyo katika pakacha."

Tashbiha ina nguzo nne, kama mlivyofundishwa katika somo la Kiarabu: kinachofananishwa (Juma na siri yake), kinachofananishiwa (pakacha na maji), neno la kufananisha (kama), na sifa inayoviunganisha. Nguzo hii ya nne ndiyo muhimu kuliko zote, na mara nyingi mwandishi haitaji. Ni kazi ya msomaji kuitafuta. Katika mfano wetu sifa hiyo ni kushindwa kuzuia. Pakacha limesukwa kwa makuti na lina matundu. Hata likitiwa maji mengi kiasi gani, halibakishi kitu.

Angalizo: si kila "kama" ni tashbiha. "Kama utakuja, nitakungoja" ni sharti. "Walikuja watu kama ishirini" ni makadirio. Na mtu akisema, "Salma anafanana na dada yake," hiyo ni habari ya kweli ya sura mbili, wala hapana picha yoyote.

2. Sitiari. Ni ufananisho ulioondolewa neno la kufananisha. "Juma ni pakacha, usimpe siri." Karina zipo mbili. Kwanza, mwanadamu hawezi kuwa pakacha. Pili, maneno "usimpe siri" yanatuonyesha sifa inayokusudiwa. Bila ya maneno hayo tungeweza kudhani Juma ni mtu wa kubebeshwa mizigo.

3. Tashihisi. Kisicho mtu hupewa tabia za mtu. "Njaa ilibisha hodi alfajiri, ikaingia bila ya kukaribishwa." Njaa haina mkono wa kubisha. Lakini msomaji anaisikia ikija kama mgeni mbaya ambaye hakuna awezaye kumfungia mlango.

4. Mubalagha, au chuku. Ni kukuza jambo kupita kiasi. "Mtoto alilia mpaka mkeka ukaelea." Karina ni kule kutowezekana kwake.

5. Nahau. Ni maneno yaliyozoeleka pamoja na yenye maana moja isiyopatikana kwa kulifasiri neno moja moja. "Baba alipomwaga unga, mama alianza kukaanga vitumbua vya kuuza." Mwanafunzi asiyeijua nahau hii ataandika kwamba mama alipika vitumbua kwa sababu unga ulimwagika. Kumbe baba ameachishwa kazi, na mama ameingia mbioni kuitafutia nyumba riziki. Tazameni msiba ulivyompita msomaji huyo bila ya kuuona.

6. Ishara. Ni kitu au tukio katika hadithi ambalo lenyewe lipo, lakini linabeba maana kubwa zaidi yake. Tutaliona hili katika kitabu chetu.

Maneno mawili ya kuangaliwa

Wanafunzi wetu wanasoma lugha mbili, nao huchanganyikiwa na maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyachukua kutoka Kiarabu na kuyapa kazi nyengine.

La kwanza ni majazi. Katika balagha ya Kiarabu, majazi ni matumizi yoyote ya neno nje ya maana yake ya asili. Katika fasihi ya Kiswahili, neno hili hutumika zaidi kwa majina ya wahusika yanayolingana na tabia zao.

La pili ni kinaya. Kwa Kiarabu, kinaya ni kutaja jambo na kukusudia lile linaloambatana nalo. Waarabu wa kale walimwita mtu mkarimu "mwenye majivu mengi", kwa kuwa majivu mengi yanaonyesha moto mwingi, na moto mwingi unaonyesha kuwapikia wageni wengi. Kwa Kiswahili cha shuleni, kinaya ni jambo kuwa kinyume cha lilivyotarajiwa. Basi ukiwa katika mtihani wa Kiswahili jibu kwa maana ya Kiswahili, na ukiwa katika somo la Kiarabu jibu kwa maana ya Kiarabu.

Tukifungue kitabu

Kwa ufupi, "Adili na Nduguze" ni kisa cha ndugu watatu: Adili, Hasidi na Mwivu. Adili ni mtawala chini ya Mfalme Rai, na inagunduliwa kwamba huwapiga manyani wawili. Anapotakiwa kueleza, siri inafunuka: manyani wale ni ndugu zake wa damu. Walimwonea wivu, wakamtupa baharini. Jini mwanamke aitwaye Huria alimwokoa, na ndugu wale wakageuzwa kuwa manyani. Baadaye wanarudishiwa ubinadamu wao.

Picha ya kwanza ni majina. Haya ndiyo majazi kwa maana ya Kiswahili. Adili ni mwenye kufuata haki. Hasidi ni mwenye husuda. Mwivu ni mwenye wivu. Huria linatukumbusha uhuru. Karina hapa ni nyepesi sana, kwani hapana mzazi anayempa mwanawe jina la Hasidi. Mwandishi anatuambia tangu mwanzo kwamba watu hawa wamesimama badala ya tabia. Kwa hiyo ugomvi wa ndugu hawa ni ugomvi wa haki na husuda, nao unaweza kutokea katika nyumba yoyote, au hata ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Picha ya pili ni kinaya, kwa maana ya Kiswahili. Mtu aitwaye Adili ameshika kiboko! Jina linasema hili na mkono unafanya lile. Msomaji mwepesi atahukumu haraka kwamba Adili ni mkatili. Msomaji makini ataona kwamba mgongano huo ni karina yenyewe, mwandishi ameuweka ili tuulize, "Kuna nini nyuma ya jambo hili?" Hapo ndipo kitabu kinapotufundisha kutomhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Picha ya tatu ni manyani, na hapa tunawaomba wanafunzi wawe waangalifu. Wengi huandika kwamba manyani ni tashbiha au sitiari. Sivyo. Mwandishi hakusema kwamba Hasidi na Mwivu walikuwa "kama manyani". Ndani ya kisa wamegeuka manyani kweli. Wanaonekana na kuguswa. Basi hili ni tukio, na tukio hili ni ishara. Tofauti ni kwamba tamathali ya neno huisha pale sentensi inapoisha, lakini ishara huishi katika kitabu kizima.

Ishara ya nini? Tuitumie ile nguzo ya nne na tuulize ni sifa gani inayoviunganisha viwili hivi. Nyani ana mikono kama ya mtu, vidole kama vya mtu, na uso unaokaribia kuwa wa mtu, lakini si mtu. Na ndugu mwenye husuda je? Ana damu moja nawe, mmekula sahani moja na kulala chumba kimoja, lakini undugu wenyewe umemtoka, limebaki umbo lake. Kwa kuwageuza manyani, kisa kimeyadhihirisha nje yale yaliyokuwa yametokea ndani zamani.

Hili linazidi kubainika tukijua kwamba katika Alfu Lela Ulela mna kisa kinachofanana na hiki, cha Abdallah bin Fadhil wa Basra, ambamo ndugu wawili wanageuzwa kuwa mbwa. Katika kitabu cha Shaaban Robert tunakutana na manyani. Mbwa angetupa picha ya udhalili tu. Nyani anatupa picha ya udhalili pamoja na ile ya kufanana na mtu bila ya kuwa mtu. Mwanafunzi aliyefika aya ya 65 ya Surat Al-Baqara atakumbuka pia waliovunja amri ya Jumamosi na adhabu iliyotajwa kwao. Aya hiyo ni maneno ya Mwenyezi Mungu na ina wafasiri wake, hatuichanganyi na riwaya. Tunasema tu kwamba msomaji aliyelelewa madrasani humfikia nyani huyu akiwa na kumbukumbu hiyo moyoni.

Na kwa kuwa ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu, ishara hii haiishii katika adhabu. Aliyepotewa na undugu anaweza kuurudia. Mtoto aliyegombana na nduguye leo asubuhi ana la kuzingatia hapo.

Upungufu unaoonekana katika majibu

Tunaposahihisha madaftari tunakuta mambo matatu yakijirudia.

Kwanza, mwanafunzi hutaja jina na kuacha hapo: "Mwandishi ametumia tashbiha." Jibu hili ni nusu. Mkumbuke mfano wa punda aliyebebeshwa vitabu, katika Surat Al-Jumu'a, aya ya 5. Vitabu viko mgongoni, faida haimfikii. Istilahi bila ya ufafanuzi ni mzigo wa namna hiyo.

Pili, mwanafunzi huiona picha mahali isipokuwepo. Akisoma kwamba mvua ilinyesha, tayari mvua ni ishara ya huzuni. Pasipo karina, mvua ni mvua.

Tatu, mwanafunzi hukariri orodha ya tamathali kutoka kwa mwenzake bila ya kukisoma kitabu. Huyo hawezi kusaidika na somo lolote.

Jibu kamili lina hatua nne: itaje sehemu yenye picha, eleza karina, yaani kinachokuonyesha kuwa ni picha, taja aina yake, kisha eleza sifa inayounganisha na faida yake katika kisa. Kila hatua yaweza kuwa sentensi moja tu.

Nyumbani

Wazazi wetu, kazi hii haihitaji kisomo kikubwa. Baada ya Sala ya Isha, mtoto asome kurasa mbili kwa sauti, na wakubwa wasikilize. Akifika penye picha, aulizwe: "Hapa amekusudia nini? Umejuaje?" Swali hilo la pili ndilo la karina. Bibi asiyejua kusoma herufi anaweza kuwa mwalimu bora hapa, kwa kuwa amebeba methali na nahau ambazo kamusi haina nafasi ya kuzieleza kama yeye. Wanaokimaliza kitabu hiki wanaweza kuendelea na "Kusadikika" cha mwandishi huyo huyo, kilichotoka mwaka 1951. Humo nchi nzima inaelea angani, na hiyo peke yake ni karina tosha.

Mazoezi

Eleza kama sentensi ina lugha ya picha au haina. Kama inayo, taja aina yake na karina yake.

(a) Watu kama hamsini walikusanyika bandarini.
(b) Umaskini uliwafuata mpaka mjini, ukapanga nao chumba kimoja.
(c) Bibi yetu ndiye nguzo ya nyumba hii.
(d) Aliposikia akiitwa, alijikunja mithili ya konokono aliyeguswa.
(e) Mzee yule ana mkono mrefu. Kila duka analopita kitu hupotea.

Majibu

(a) Haina picha. "Kama" hapa ni makadirio.

(b) Tashihisi. Umaskini hauna miguu ya kufuata wala fedha za kupanga chumba. Unaonyesha kwamba kuhama mji hakukuwasaidia.

(c) Sitiari. Mtu si nguzo. Sifa inayounganisha ni kubeba na kushikilia. Nguzo ikiondoka, paa linaanguka.

(d) Tashbiha. Neno la kufananisha ni "mithili ya". Sifa ni kujificha ndani kwa hofu.

(e) Nahau, maana yake ni mwizi. Karina ni maneno "kila duka analopita kitu hupotea". Lau sentensi ingeishia penye "mrefu", tungelazimika kusubiri kabla ya kumtuhumu mtu, kwani huenda mkono wake ni mrefu kweli.

Wanafunzi wapenzi, jibu hilo la mwisho liwe ukumbusho wetu. Pasipo dalili, tusimvunjie mtu heshima, iwe kitabuni au mtaani. Penye dalili, tusiipite bila ya kuitazama. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na azihifadhi nyumba zetu na husuda. Aamin.

Wabillahi tawfiq.